Nyuzi Sita Atafuta Gitaa la Kimya

Mpaka simu ya dada yake ilipoita, mtaa mzima haukuwa na mpiga gitaa hodari kuliko Nyuzi Sita, na habari hizo zilitoka kwa Nyuzi Sita mwenyewe.

Alikuwa fundi wa vioo na fremu. Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia meza yake, anakata kioo cha dirisha huku akimsimulia mteja jinsi Jumapili iliyopita alivyolichapa gitaa kanisani mpaka mchungaji akasahau mahubiri. Mteja akauliza kwa nini basi haendi nalo kwao, mama yake naye akafurahi. Nyuzi Sita akahema kama mtu aliyebebeshwa dunia. Gitaa lake, alisema, ni kubwa mno, haliingii kwenye treni. Lingeingia, mama yule angekuwa anaburudika kila mwezi!

Ukweli, ambao Mungu aliujua na Nyuzi Sita alijitahidi kuusahau, ni kwamba hakuwa na gitaa, si kubwa wala dogo. Miaka mingi nyuma aliazima moja kwa jirani yake, fundi wa kutengeneza vyombo vya muziki, akapigwa picha amelikumbatia, macho kafumba, mdomo kaupinda kwa hisia. Picha akaitia fremu kwa mkono wake mwenyewe, akaifunika kwa kioo safi kuliko vyote alivyowahi kukata, akampelekea mama. Mama akaitundika sebuleni. Tangu hapo watu wa nyumbani wakampa jina la Nyuzi Sita, naye akalivaa kama joho la mahafali.

Kila Jumapili mama alimpigia simu. "Umepiga leo, mwanangu?" Naye alimsimulia: mashangilio, machozi ya waumini, wazee waliosimama wakacheza. Mama alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Furaha ya mzazi, Nyuzi Sita alijiambia.

Sasa aliyepiga ni dada yake mdogo, aliyekuwa akiishi na mama.

"Kaka, weka chini ulichoshika."

Akaiweka chini kalamu ya kukatia kioo.

"Mama ametutoka. Alimaliza sala ya asubuhi akasema anajilaza kidogo. Nimempelekea chai, hakuitika."

Mteja alitaka kuuliza dirisha lake litakuwa tayari lini. Akauona uso wa fundi, akavua kofia, akatoka taratibu. Nyuzi Sita akakaa juu ya kreti tupu akalia, na dada yake akalia upande wa pili wa simu, wakaachiana nafasi ya kulia kama walivyokuwa wakiachiana bafu utotoni. Walipotulia kidogo, dada akasema kuna agizo. Mama alitaka siku ya kumzika, kwaya ikiimba wimbo wake anaoupenda, mwanawe asimame kaburini na gitaa.

"Na alisema usije ukasema ni kubwa," dada akamalizia. "Siku hizi yapo madogo ya safari. Aliyaona kwa watu wa kwaya."

Nyuzi Sita akaanza kulia upya. Machozi ya kwanza yalikuwa ya mfiwa. Haya ya pili yalikuwa ya mtuhumiwa.

Lakini kichwa cha mtu mwenye majivuno hakilali hata msibani. Kabla hajafika dukani kununua gitaa alikuwa na mpango. Gitaa dogo lina tumbo dogo, na tumbo dogo haliwezi kutoa sauti kubwa. Akipata lile dogo kuliko yote, sauti ya kwaya italimeza. Yeye atafumba macho, atapinda mdomo, atapapasa nyuzi kama anayemkuna paka. Nani atajua?

Duka la magitaa lilikuwa ghorofani, na mwenye duka ni mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni. Akamkaribisha kwa furaha, akamshushia gitaa dogo lenye shingo fupi. Akamweleza kwamba hilo linaenea kwenye rafu ya mizigo, halichoshi bega, na mtu anaweza kulipiga hata amekaa kitandani. Akalikwaruza mara moja. Duka zima likaitika.

Nyuzi Sita akarudi nyuma hatua nzima. "Hili lina kelele."

"Hiyo ndiyo sifa yake, kaka yangu. Mwili mdogo, sauti ya kujaza ukumbi."

Akaomba lingine. Mama wa duka akashusha lenye nyuzi za nailoni, laini, la kupigia sebuleni wageni wakizungumza. Nyuzi Sita akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua, akatikisa kichwa. Bado linasikika. Akaletewa jembamba kuliko yote, tumbo lake kama kitabu cha nyimbo. Akauliza kama halina namna ya kupunguzwa zaidi, labda kwa kujazwa pamba.

Mama wa duka akavaa miwani amwangalie vizuri. "Miaka yote watu wanakuja hapa wanataka linalosikika. Wewe kaka unataka gitaa au unataka siri?"

Akamnyooshea gitaa ili alijaribu mwenyewe. Nyuzi Sita akaficha mikono mfukoni. Kwa mara ya kwanza siku ile alisema kweli: alikuwa na msiba, gitaa ni la kumpigia mama yake kaburini, na mikono haina nguvu.

Ukweli ukamponza! Mama wa duka akampa pole kwa moyo wote, akalichukua lile gitaa jembamba, akazing'oa nyuzi zake zilizochoka na kufunga mpya, bora kuliko zote dukani, akazikaza moja moja mpaka kila moja ikalia kama kengele. Zawadi, alisema, kwa heshima ya marehemu. Ili wasikie mpaka wa nyuma.

Jioni Nyuzi Sita akalijaribu chumbani kwake. Alipopiga mara ya tatu, jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta akauliza kama anahitaji msaada wa kusogeza kabati.

Kilichobaki ni ajali. Usiku alipiga magoti akamwomba Mungu homa, ya wastani tu, isiyo ya kulazwa. Mungu akamwamsha mzima kama chuma. Kwenye treni akalilaza gitaa lake karibu na mlango, pale ambapo abiria hutupa magunia, akaenda kukaa mbali na kufumba macho, akisubiri kusikia mbao zikivunjika.

Akasikia sauti ya mama aliyebeba trei za mayai. "Gitaa la nani hili linataka kukanyagwa?"

Nyuzi Sita akajifanya amelala. Abiria aliyemwona akiliweka akamwonyesha kwa kidole. Ikabidi aeleze anakokwenda na sababu. Behewa zima likapoa. Mama yule akashusha mayai yake sakafuni, akalipakata gitaa mapajani kama mjukuu, na akaapa halitaguswa na mtu mpaka kituo cha mwisho. Mayai mawili yalipasuka njiani. Gitaa halikupata hata mkwaruzo.

Nyumbani walimpokea kwa kilio na kumbatio. Ile picha ilikuwa ukutani pale pale, kioo kinang'aa. Mjomba aliitazama picha, akalitazama gitaa jipya, akatoka nje haraka akiwa ameziba mdomo. Nyuzi Sita akadhani ni uchungu.

Kaburini akasimama mbele, gitaa kifuani. Alilitazama sanduku la mama yake, akajua kwamba kitu cha mwisho atakachompa ni aibu. Kwaya ikajipanga. Mchungaji akainua mkono.

"Marehemu aliniachia maneno mawili kuhusu mwanawe," akasema. "La kwanza, aje na gitaa. Amekuja nalo, tumshukuru Mungu. La pili," akakohoa kidogo, "asilipige."

Watu wakainamisha vichwa, mabega yanawacheza.

"Alisema hivi, nanukuu: 'Mwambieni alishike tu, kama kwenye picha. Nataka niondoke kwa amani.'"

Kicheko kikawatoka watu wazima, wenye khanga za msiba na wenye suti, wakicheka huku wanajifuta machozi. Nyuzi Sita akamgeukia dada yake. Alinong'ona, "Alijuaje?"

"Kaka, gitaa la kwenye picha halina nyuzi."

Akafumba macho. Akaliona lile gitaa alilolitoa kwenye meza ya fundi, likisubiri kutengenezwa, tumbo tupu kama sahani. Na juu yake kioo safi alichokisugua mwenyewe ili mama aone vizuri.

"Na hawa wanaoniita Nyuzi Sita?"

"Wote. Walihesabu ambazo hazipo."

"Mbona hakuniambia siku zote hizo?"

Dada akamshika mkono. "Nilimwuliza. Alisema ukijua, Jumapili hutakuwa na la kumsimulia."

Kwaya ikaimba. Nyuzi Sita aliimba nayo, kwa mdomo, beti zote, kwani wimbo huo alifundishwa na mama akiwa bado hajaanza shule. Wakalishusha sanduku kwa kamba. Mchungaji akaomba Mungu ampokee mja wake, watu wakaitika amina. Nyuzi Sita akainama achukue udongo, mkono wa koti ukazigusa zile nyuzi mpya, zikalia makaburi yote yakasikia. Akazifunika haraka kwa kiganja.

"Samahani, Mama," akasema.

Akatupa udongo wake, dada akatupa wake, na wanaume wakachukua majembe wakafukia.