Malalamiko Dhidi ya Ndimu ya Indubai

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Soko la Wakulima, Wadgaon.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini hujambo na wa nyumbani kwako hawajambo. Mimi mwili mzima, ila roho imedhulumiwa, na aliyenidhulumu ni Indubai, muuza uwatu wa safu ya tatu.

Wewe ni mtu wa soko, bohni, yale mauzo ya kwanza ya kufungua siku, unaijua. Mteja wa kwanza wa asubuhi hafukuzwi hata akitaja bei ya aibu, maana akiondoka mikono mitupu, siku nzima imeingia nuksi. Mimi, mwalimu mstaafu mwenye akili zangu, nilikuwa naamka alfajiri, nakuwa wa kwanza kwa Indubai, nataja bei ya aibu. Huko ndiko kununua kwa kutumia kichwa. Sasa nisikilize.

1. Tangu Diwali ipite, kila nikifika naambiwa, "Pole, Mzee Bhalerao, nimeshafungua." Amefungua na nani, na lango ndio kwanza linafunguliwa?

2. Nilijibanza nyuma ya magunia ya vitunguu nikaona kwa macho yangu. Indubai alimuuzia jirani yake Sarubai ndimu moja, akagusisha hela kwenye paji la uso, kama wafanyavyo kwa hela ya kwanza ya siku. Sarubai akamuuzia muuza bamia ndimu hiyohiyo. Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa safu, kisha ikauzwa tena kwa Indubai. Ndimu moja imewafungulia wote, nami mtu mzima nalipa bei ya waliochelewa kuamka.

3. Nikataka kuinunua ndimu yenyewe. Akasema haiuzwi. Kitu kisichouzwa kitakuwaje mauzo ya kwanza?

4. Sarubai anatangaza kwamba nikipewa uwatu bure nitadai na nauli ya kuubeba. Sijawahi kudai, ingawa ni hoja ya haki.

5. Hili ndilo linaloniuma. Tangu mke wangu afariki, nyumbani sina wa kusema naye. Neno langu la kwanza kila siku ni "Ghali!", na nalisema mbele ya meza ya Indubai. Siku hizi akishafungua hana haja ya kubishana nami. Ananifungia uwatu, ananipa chenji, basi. Huo ni ukatili.

Kwa hiyo naomba ndimu ikamatwe. Lango lisifunguliwe kwa mtu yeyote, wauzaji wakiwemo, kabla mimi sijamaliza kununua. Na Indubai ahamishiwe nje, kituo cha mabasi, akajifunze adabu. Mpaka nipate jibu lako, soko nimelisusa.

Nisalimie kamati yote, mlinzi wa lango, na Sarubai pia, japo hastahili.

Wako niliyedhulumiwa,
Madhukar Bhalerao

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, Indubai amebisha hodi, uwatu kikapuni na ndimu mkononi. Eti hawajaniona sokoni, wakadhani naumwa. Ameikata ndimu akanikamulia kwenye maji, kwa hiyo ushahidi nimeunywa. Nikauliza bei ya uwatu, akataja bei ya wizi. Nikasema ghali. Akasema, "Kwako ndiyo hiyo. Kesho uje mapema, sifungui mpaka tugombane." Nimelipa yote.

Karatasi nayo ghali, siandiki upya. Maombi yangu uyafute mwenyewe. Ila usimhamishe, Ndugu Mwenyekiti. Ukimhamisha, asubuhi nitagombana na nani?