Hotuba ya Kufunga Mafunzo ya Kusikiliza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao na wanaokaimu nafasi za makaimu hao, wafanyakazi wote wa huduma kwa wateja, na wewe mzee wa getini uliyeninong'oneza kwamba nimefunga vifungo vya koti upande, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani.)

Leo, nikiwa Mkurugenzi wenu, nafunga rasmi Programu Jumuishi ya Kuimarisha Mawasiliano na Umakini Kazini, niliyoibuni mwenyewe nikiwa kwenye kikao kingine ambacho sikumbuki kilihusu nini, na ambayo, kwa mujibu wa viashiria vya utendaji, imepandisha usikivu wetu hadi asilimia themanini na tisa, hizo zilizobaki zikiwa mimi. (Vicheko. Mwenyekiti hacheki.)

Mtu makini, ndugu zangu, hushika jambo moja mpaka... samahani, simu. Haloo? Mama watoto, niko katikati ya hotuba ya umakini. Nyanya, ndiyo, na vitunguu. (Minong'ono.) Nilifika wapi?

("Mpaka," anasema dada wa mapokezi.)

Ahsante. Dada huyu yuko kwenye mkataba wa muda mwaka wa tatu sasa, na Bodi iliahidi kumwajiri moja kwa moja akipata cheti cha mafunzo haya, ndiyo maana amekaa mstari wa mbele, na mkono ameunyoosha tangu nianze. Sema, dada.

("Mkurugenzi, yule mkufunzi...")

Mkufunzi ni mahiri. Kusikiliza, alivyotufundisha, ni kumwacha mwenzako...

("Bosi, si umwache basi," sauti inatoka nyuma. Vicheko.)

Hoja imepokelewa, itaundiwa kamati. Sema.

("Yuko kwenye simu pale mapokezi. Anauliza mafunzo yanaanza lini.")

(Mwenyekiti anamgeukia Mkurugenzi.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nifafanue. Ni kweli mkufunzi amekuwa akinipigia, na kila mara, kabla hajauliza tarehe, nilimweleza kwa kina umuhimu wa kusikiliza, mpaka salio lake likaisha.

("Dada," anasema Mwenyekiti, "wewe huhitaji cheti...")

Mheshimiwa, nakuja huko huko. Umakini oyee. (Mmoja anaitikia.) Usikivu juu. (Hakuna.) Kwa hayo machache, nawashukuru kwa kunisikiliza, kwani hayo ndiyo mafunzo pekee yaliyofanyika, na naahidi mbele yenu kwamba, cheti kiwepo kisiwepo, nitapigania ajira ya dada huyu hatua kwa hatua, ngazi kwa ngazi, hadi Mwenyekiti mwenyewe atamke neno.

("Ameshatamka, bosi," anasema mzee wa getini. "Dada kaajiriwa. Ulikuwa unaongea.")