Ndugu wa Tembo Ndani ya Sufuria

Jumatatu, 4 Machi 2024

Salamu kwako, shajara. Mimi niko muzima. Annie, binti yangu mukubwa, anakusalimia. Arielle, mudogo wake, anakusalimia pamoja na mafua yake. Jogoo pia. Najua kuandika barua tu, basi univumilie.

Shida njo hii. Krismasi Annie anaolewa na Florentin wa Kampene. Kampene! Mbali, matope, mashimo ya dhahabu. Wakati wa vita nilimubeba mutoto huyu mugongoni mpaka misitu ya Kailo. Sikumubeba vile ili Kampene imumeze.

Jumanne, 5 Machi

Arielle ametoka masomoni na mambo. Mwalimu anasema zamani sana Afrika ilikuwa peke yake katikati ya maji, na mnyama mumoja mudogo akazaa ukoo usiofanana. Mumoja akanenepa, njo tembo. Mumoja akaingia majini, njo nguva. Muhanga akachimba. Sange akabaki kama panya, pua tu ndefu. Na pimbi, yule anayelia usiku juu ya miti kama muntu anayenyongwa, iko damu moja na tembo! Nikacheka. Kisha nikafikiria ndugu za marehemu bwana yangu: mumoja jitu, mumoja kibeti, wote walafi. Nikaamini.

Halafu akili ikawaka. Ukoo wa Florentin hawali tembo. Mwiko mukali! Jumamosi wanakuja kutuona. Nitawapikia pimbi. Wakishiba, nawaambia. Watakasirika, watavunja uchumba. Annie atabaki.

Ijumaa, 8 Machi

Pimbi wa moshi amepatikana soko la Kasuku. Kumupika najua, wakati wa vita njo alitulisha. Annie akauliza ni nyama gani. Nikadanganya, swala. Akanikumbatia, eti mwishowe mama amewapenda wakwe zake. Macho yakaniwasha. Moshi tu.

Jumamosi, 9 Machi

Walikuja sita. Mama Geneviève, mama ya Florentin, alinyonya mifupa akaomba tena. Nikatangaza kwamba mupishi ni Annie, ili hasira imwangukie yeye. Kisha nikasimama, nikasema wamekula ndugu wa tembo. Arielle akaeleza vizuri, mpaka meno ya pimbi yanayoota bila kusimama kama pembe za tembo.

Florentin akaangalia sahani kama imemutukana. Mama Geneviève akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Tangu utoto, alisema, anajiuliza tembo iko na ladha gani. Leo angalau amemuonja binamu yake. Kisha kicheko kikakatika.

“Mama Annie, umetulisha mwiko wetu. Kwetu, mupishi aliyekosea anakuja kutupikia mpaka kosa liishe. Basi utupatie yule anayeshika mwiko wako.”

Mwiko wa kukorogea! Krismasi haingojewi tena. Annie akaanza kufunga nguo, anaimba.

Jumatatu, 11 Machi

Ameenda. Alinililia shingoni. Nilishika kiti cha pikipiki mpaka dereva akaniomba, mama, achilia. Nyumba iko kimya.

Nimefikiria. Kosa langu lilikuwa moja tu: kusema Annie njo alipika. Safari hii nitapika mimi, nitume, niseme ni mimi. Watanihukumu mimi. Nitaenda Kampene kuwapikia, nilale karibu na mutoto wangu. Haiwezi kuharibika!

Basi shajara, ndugu gani wa tembo anafichika vizuri ndani ya majani ya muhogo, sombe yetu, muhanga ao sange? Unijibu mbio. Dereva anarudi Kampene Alhamisi.