T Moja, Ubao Vipande Viwili

Leo nimejiaibisha mbele ya watoto ishirini na sita. Niliwahesabu kwenye skrini, nikarudia: ishirini na sita, na mwalimu wao. Hasira niliyo nayo, msinisogelee!

Lockdown hii shule imehamia mezani kwetu, huku ughaibuni, Mount Druitt. Binti yangu Tumaini alipewa kazi ya historia: achonge jina lake ubaoni kwa herufi za kale za Skandinavia, kisha alieleze darasa. Kachonga wiki mbili. Nusu ya maksi za muhula ziko kwenye huo ubao. (Wa paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, kutoka ghala ninakofanya kazi, Seven Hills. Niliomba tatu, nikapewa moja, nikashukuru kama mshindi.)

Leo zamu yake ilipokaribia, nikaukagua. Herufi saba, sawa. Lakini ya kwanza ni mshale! Ule ule wa kwenye katoni: upande huu juu.

"We Tumaini, T iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, Dad." Mengine akayamaliza kwa Kiingereza: mstari wa kulala unafuata nyuzi za mti, hausomeki, tena unapasua. Ndiyo maana wale watu walichonga mistari ya kusimama na ya kuinama tu.

"Nani kakudanganya? Wamevuka bahari, washindwe na T?"

Akaenda kubadilisha sweta. Nikashika patasi. Mstari mmoja tu wa kulala, wa heshima, nimsaidie mtoto. Nikagonga mara mbili.

KRAA! Ufa ukakimbia kutoka T mpaka I ya mwisho.

"Mti gani huu wa kipuuzi!" nikafoka. "Na huyo mwalimu hata T haijui!"

Kompyuta ilikuwa wazi. Maiki ilikuwa wazi. (Patasi ilikuwa mkononi.)

"Habari ya asubuhi, Baba Tumaini," mwalimu akasema, Kiswahili cha Nakuru kabisa. "T naijua."

Jina lake ni la mume, la Kizungu! Ningejuaje mimi?

Halafu akaniomba niinue vipande vyote viwili mbele ya kamera, darasa lione jinsi mti ulivyowaamulia wachongaji sura ya herufi. Nikainua. Wakapiga makofi, wote ishirini na sita!

Tumaini hakupiga. Amesimama mlangoni, sweta imekwama shingoni, analia. Mwalimu kampa mpaka Jumatatu achonge upya. Nikasema nitamtafutia ubao mwingine. "Leta," Tumaini akanijibu, "halafu utoke nje."

Sasa nimekaa uani na ghadhabu zangu. Mkitaka kucheka, vaeni barakoa. Nisione hata jino.