Kuki Iliyojua Posa Yangu Kabla ya Ukoo

Akheri,
Juni 2003

Kwa Bwana Khalfani,
Mwenye Duka la Intaneti, Kimandolu

Ndugu,

YAH: KUKUMBUKWA BILA RIDHAA YANGU

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzee wa kanisa, mgane, na nakuandikia nikiwa na hasira ya kistaarabu.

1. Mwezi uliopita niliketi kwenye kompyuta yako ya dirishani, nikafungua tovuti ya matangazo ya kazi na wachumba. Nilijaza jina langu na sifa za mama ninayemtafuta: Mlutheri, amevuka miaka hamsini, haogopi ng'ombe. Sikujua kwamba tovuti imeacha kijikumbukumbu ndani ya kompyuta, kiitwacho kuki. Binti yako Salha amenielewesha kwamba ni kama kadi ya hospitali: haina ugonjwa ndani yake, ina namba tu, na faili liko kwao. Ukirudi, kompyuta inaonyesha kadi, tovuti inavuta faili. Ila kompyuta haitazami sura. Inaonyesha kadi yangu kwa niaba ya yeyote aliyekalia kiti.

2. Aliyekalia kiti alikuwa Hedwiga, mwanangu wa mwisho, anayetafuta kazi. Alipofungua tovuti ileile, ikamkaribisha: "Karibu tena, Anaeli." Jina langu kavu, bila hata shikamoo. Kisha ikamwonyesha na yale ya ng'ombe.

3. Jumapili ukoo ukakaa. Dada yangu mkubwa, Anyesi, ambaye kwetu ndiye wa kwanza kuambiwa mambo ya posa, ameuliza kwa nini kompyuta ya Kimandolu imejua kabla yake. Mzee Kisioki, mshenga wetu, amesema kazi yake imechukuliwa na mashine isiyokunywa hata chai ya watu. Amenuna. Bila mshenga sioi, na nyumba yangu imekuwa kimya mno tangu mama Hedwiga afariki. Hilo ndilo linaloniuma.

4. Kwa kuwa kuki imejua siri ya ukoo, basi ni ya ukoo, na itozwe faini ya beberu. Kwa kuwa haina mikono, utamleta wewe. Aidha, kila jioni kabla ya kufunga, kuki zote zifutwe katika kompyuta zote, kwa kuanzia na ya dirishani.

Nisalimie Salha, mama watoto, na majirani wote, hata waliokwisha kusikia.

Wako katika ujenzi wa taifa na wa nyumba yangu,
Anaeli

N.B. Tafadhali ya dirishani usiiguse. Jana nilikuja kuikagua, nikakuta Bi Kandida amenijibu, na anafuga ng'ombe. Neno la siri nimelisahau, na nikikalia kompyuta nyingine tovuti hainijui kabisa. Beberu nitamleta mwenyewe.