Tabaga za Harusi na Mteja wa Norwe

Jumatatu, 5 Mei

Norwe! Oda kutoka Norwe! Mvua imenyesha tangu alfajiri, ukungu umeshuka juu ya mabati ya mtaa wetu wa Kianda, na mimi nimekaa kitandani na simu mkononi nikiona theluji. Bwana mmoja anayeitwa Henrik ameziona tabaga zangu mtandaoni, vile vifuniko vya chakula vya ukili wa rangi. (Naziita zangu. Anayezisuka ni Shangazi Sitelbanat. Mimi ndiye ninayepiga picha.) Anazitaka kwa hoteli yake ya mlimani. Zozote nilizonazo, zote, haraka. Hakuuliza bei. Hakuuliza ukubwa. Mstaarabu kabisa! Ameniandikia kwa anwani mbili tofauti, hapo nikajua ni mtu wa nyumba nyingi.

Kosa langu lilikuwa kumwonyesha Caren. Caren amepanga chumba katika ploti ya Shangazi, mlango unaofuata wangu. Anauza mikoba mtandaoni na ana wafuasi wengi kuniliko, jambo ambalo hajawahi kuniacha nisahau. Alisoma mara moja tu akasema huyo ni conman, kwamba mwaka jana alimwandikia yeye akiitwa Peter wa Australia. "Walid, unachezwa," akasema. Wivu tu. Nani Norwe atataka mkoba wa Caren?

Jumanne, 6 Mei

Tatizo dogo. Sina tabaga. Nina picha za tabaga. Zilizo tayari humu nyumbani ni zile za harusi ya Sumaya, binti ya Shangazi, Jumapili hii. Ziko ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha Shangazi. Kwetu Wanubi, chakula cha harusi hakiendi kwa wakwe kikiwa wazi. Kila sinia na tabaga yake, na wanawake wa upande wa pili huangalia kifuniko kabla hawajaangalia pilau. Shangazi alianza kuzisuka hata kabla Sumaya hajapata mchumba.

Nikafikiri kwa makini. (Nikiwa nimelala.) Henrik analipa Alhamisi. Ijumaa naingia Makina, nanunua tabaga mpya kwa akina mama wa huko, nzuri kuliko hizi, nazirudisha sandukuni. Shangazi atashangaa tu jinsi rangi zilivyokolea. Nani ataumia? Alipokwenda darasani kwake msikitini nilizitoa, nikajaza blanketi mle ndani ili uzito usibadilike. Mimi si mjinga.

Jumatano, 7 Mei

Kawangware, kituo cha 56. Ajenti wa Henrik ana kibanda nyuma ya duka la hardware, katikati ya saluni mbili. Nilitarajia ofisi ya vioo. Lakini alinipokea vizuri: "Niaje boss, wewe ndio wa Norway?" Akazitia tabaga ndani ya gunia la viazi. Nilimuuliza kama ndege hupokea magunia ya viazi, akasema gunia linazuia unyevu. Mtaalamu!

Papo hapo Henrik akanitumia picha ya malipo. Pesa ziko benki, zimeshikiliwa, zitaachiliwa mzigo ukipaa. Nimeitazama picha hiyo njia nzima. Ina muhuri wa bluu, bluu nzuri sana.

Nilirudi kwa miguu ili niote vizuri. Niliuona ukumbi wa hoteli, meko inawaka, wazee wa Kinorwe wamevaa masweta, kila mmoja anafunua tabaga yake na mvuke unapanda polepole. Wanauliza ni kazi ya nani. Henrik anasimama. Ya Walid, anasema, na macho yake yamelowa. Wanapiga makofi. Hapo boda ikanipigia honi na dereva akanitukana mimi na mama yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Henrik kimya. Theluji bila shaka. Mtandao huganda.

Ijumaa, 9 Mei

Siku mbaya. Mbaya!

Shangazi alifungua sanduku asubuhi azifukize tabaga ubani. Akatoa blanketi. Akatoa blanketi nyingine. Akakaa sakafuni. Aliponiita hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Nikasema nilizipeleka dry cleaner kama zawadi ya kushtukiza. Akasema umri wote huu hajasikia ukili ukifuliwa kwa mashine.

Sumaya alisimama mlangoni, hina mbichi mikononi. Alisema afadhali harusi iahirishwe kuliko mama yake achekwe mbele ya wakwe. Kisha akalia, na hakuweza kujipangusa kwa sababu ya hina. Shangazi akampangusa kwa leso yake. Nilijiona mtu mbaya kabisa. Nilikuwa mtu mbaya kabisa.

Nilikimbia 56. Kibanda kimefungwa. Msichana wa saluni akasema jamaa huja tu mzigo ukija. Nikarudi nikamweleza Caren yote. Alijikaza mpaka nilipofika kwenye gunia la viazi, hapo akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akaanza kupekua simu yake. Haikuchukua muda! Tabaga zilikuwa kwenye ukurasa wa kuuza vitu vya kale vya Afrika, zimepangwa juu ya gunia lilelile. Ile iliyoanza kwa ukingo wa kijani ikamalizikia zambarau, kwa sababu Shangazi aliishiwa na ukili wa kijani, ilikuwa mbele kabisa.

Kumbe Norwe iko nyuma ya hardware.

Jumamosi, 10 Mei

Caren ni mtu hatari. Jana jioni alijifanya Mama Greta wa Ujerumani, akamwandikia ajenti kupitia ukurasa ule kwamba anazitaka zote, haraka, bei yoyote, na zipelekwe kwa ajenti wake, mama mmoja wa Kianda. (Yaani Shangazi, ambaye Caren alikuwa ameshamweleza yote.) Nilimwambia jamaa hawezi kukubali, hiyo ndiyo kazi yake. Caren akamtumia picha ya malipo, ileile ya Henrik, amebadilisha majina tu. Hata muhuri wa bluu aliuacha.

Asubuhi boda ikaingia plotini. Ajenti yuko nyuma, gunia mapajani, amechomekea shati!

Nilikuwa chini ya kitanda cha Caren, lakini nilisikia yote. Shangazi alikagua moja moja, akamwambia asante mwanangu. Ajenti akauliza pesa itaingia lini. Caren akamjibu kwa upole, "Iko pending, boss. Benki za Ujerumani hazina haraka." Jamaa akasema atangoja. Shangazi akamletea chai. Nilichungulia: alikuwa ameshika simu, anatabasamu mbali sana, pengine yuko Ujerumani tayari. Nilimhurumia, kusema kweli. Wapangaji walipoanza kumkusanyikia na kumuuliza anatoka wapi, aliacha chai nusu akaondoka.

Jumapili, 11 Mei

Harusi! Mvua ilikatika. Wanawake walitoka na masinia vichwani, tabaga juu yake, nyekundu, manjano, zambarau, zikapita kati ya mabati yaliyolowa hadi Ayany kwa wakwe. Nililia waziwazi. Shangazi haniongeleshi isipokuwa kuhusu sufuria zinazongoja kuoshwa. Sumaya, amependeza ndani ya gurbaba yake, vazi la hariri la bibi harusi, alinikatia mkate wa gurusa kwa mkono wake. Nikamwapia hapo hapo: wateja wa ng'ambo basi, maisha yangu yote.

Jumatano, 14 Mei

Mimi ni mtu mwingine sasa. Nachunguza.

Kwa mfano leo ameniandikia Madam Louise wa Kanada. Mtu mwingine angerukia tu. Mimi nilikagua. Ana anwani moja. Ana picha: amesimama kando ya ziwa, maji yametulia kabisa, na nimelitazama ziwa lile tangu saa sita. Aliuliza bei, tena akaomba nipunguze! Conman gani huomba upunguze? Anatafuta gurbaba ya harusi, lakini iwe imeshavaliwa na bibi harusi, iwe na furaha ndani yake. Nani mwingine duniani angefikiria hivyo?

Sumaya ameiacha yake kwa Shangazi, na kwa vyovyote haolewi tena wiki hii. Kuhusu ajenti nimehakikisha kabisa: si yule wa nyuma ya hardware. Huyu yuko ng'ambo ya barabara.