Machozi Nyuma ya Gari la Ronda

Jumatano, 6 Septemba

Kosa la watu wengi ni kudhani mbio zetu za magari hutazamwa kwa macho. Magari mawili, njia iliyonyooka, mlio mmoja, basi. Ukipiga chafya umekosa. Raha yenyewe huja kabla, kwenye mahema ya mafundi. Hapa Indiana tiketi ya uwanjani ndiyo tiketi ya hemani. Unasimama kwenye kamba nyuma ya gari, fundi analiwasha kulipasha moto, moshi wa nitro, mafuta yake makali, unakupiga usoni, na wazee wazima mnalia kama watoto waliochapwa. Nimelia nyuma ya gari la Ronda Stucky tangu alipoanza kuendesha. Fizikia nilimfundisha mimi. Kuhusu breki hakuwahi kunisikiliza.

Sasa amepata mdhamini: Lushel, maji ya kulainisha nguo. Gari limepakwa zambarau, na maua juu yake. Leo mkahawani jirani yangu Verlin Hochstetler kanitangazia, mdomo umejaa, kwamba wikiendi hii Lushel wataamua kama hema la Ronda lizungushiwe pazia, waingie wageni wao tu. Nikamwambia lazima tupinge. Akasema yeye keshapewa chupa ya bure, na chupi zake sasa zinamnong'oneza. Mtu hana msimamo.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimesimama mkahawani kueleza kwa nini kila familia iisusie Lushel. Nilianza na historia ya sabuni, maana huwezi kuelewa kilainishi bila sabuni. Nilipofika kwenye mafuta ya nguruwe, Dottie mwenye mkahawa akaniomba nikae, watu wanakula.

Nyumbani nikamkuta mke wangu Darlene anatandika kitanda. Harufu ya maua mpaka sebuleni. Nikauliza hiki ni nini. Akasema, "Ni shuka, mzee. Ukitaka kulalia msimamo wako, sofa ile pale."

Nimelalia msimamo wangu. Shingo haigeuki.

Ijumaa, 8 Septemba

Mkakati mpya: kuingia ndani ya adui. Watu wa Lushel huvaa mashati ya zambarau. Darlene analo moja, nikalivaa. Vifungo viko upande wa kike, lakini mlinzi wa hema hakuangalia vifungo. Kanipisha.

Sikufika hata kwenye tairi. Binti mmoja wa Lushel akanipa sinia la vichupa, akanikemea kwa kuchelewa, akanisimamisha langoni. Nimegawa kilainishi mchana kutwa. Kwa marafiki zangu! Verlin kapita mara tatu, kila mara na kofia tofauti, apate kichupa kingine. Akanipiga picha. Akasema, "Zambarau imekukaa, mwalimu. Ila mbona unatazama pembeni, unaona aibu?" Nikamwambia ni shingo. Akasema hata yeye angesema ni shingo.

Jumamosi, 9 Septemba

Leo kaja mkuu wa Lushel mwenyewe, Bi Trask, na wageni wake wote wamevaa nyeupe. Walisimama mbali, mbele ya gari, vitambaa puani. Akaniona na shati langu, akauliza mahali pazuri pa kusimama ni wapi.

Mtu akikuuliza, umjibu kikamilifu. Nikamweleza mabomba, gesi, mwelekeo wa upepo. Nikawapanga nyuma kabisa, pua zikielekea kwenye moshi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: watakohoa, watakimbia, watauacha udhamini, na Ronda atarudi kwetu. Ronda aliniona kutoka kwenye kiti chake, akatikisa kichwa kwa nguvu ndani ya kofia yake ngumu. Nikampungia mkono.

Gari likawashwa. Wageni wakakunjika kama viti vya harusi iliyonyeshewa. Nililia pamoja nao, mimi kwa furaha.

Kisha Bi Trask akainuka, wanja umefika kidevuni, akanishika mikono. Akasema tangu wamzike baba yake hakuweza kutoa chozi mpaka leo. Mhasibu wake akatangaza kwamba amemsamehe kaka yake. Wakaomba gari liwashwe tena. Aliyeonja asali huchonga mzinga.

Jumapili, 10 Septemba

Ronda ameshinda. Mbele ya kamera akabadilishiwa kofia za wadhamini moja baada ya nyingine, akamshukuru mwenye kilainishi, mwenye oili, mwenye matairi, mwenye boliti. Shukrani zilikuwa ndefu kuliko mbio.

Baadaye akanikuta kwenye kamba yetu mpya, karibu na vyoo. Akasema, "Mwalimu, Lushel walikuwa wameshakubali kuacha pazia. Harufu iliwashinda. Niliwaambia nyuma ya gari waachiwe mashabiki, wao wakae mbele na juisi zao. Walikuwa watangaze jana jioni."

Sasa pazia limefungwa. Ndani panaitwa Saa ya Machozi, kwa walioalikwa tu, msimu huu na ujao. Wenzangu wa kambani hawaniangalii.

Nikamwambia Ronda kwamba nadharia yangu ilikuwa sahihi. Akasema, "Nadharia zako zote zilikuwa sahihi. Ndiyo maana maabara iliungua." Kisha akanikumbatia. Ananukia maua.

Kila kichupa kilikuwa na namba ya bahati nasibu ya kuingia ndani, na Verlin ndiye aliyeshinda. Katoka nyuma ya pazia macho mekundu, akaniuliza kama nina leso. Nikageuka kwa hasira. Nikageukia upande wa shingo mbovu.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimetafakari. Kosa lilikuwa moja tu: upepo. Ungevuma kwa nguvu zaidi, wangekimbia.

Lakini tuyaache. Mpinzani wa Ronda, Gus Pfister, anadhaminiwa na chakula cha mbwa, na wametangaza kwamba kwenye mbio zijazo Ohio, mwenye mbwa anaingia hemani kama mgeni wao. Nitaingia. Nitamweleza mkuu wao jinsi ya kusimama. Watalia kuliko Lushel. Lushel wataona wivu, watafungua pazia ili dunia ilinganishe machozi. Hakuna pa kukwama.

Darlene anasema hatuna mbwa. Anasema pia kwamba nawaogopa. Hayo ni mambo madogo. Verlin anaye mmoja, mkubwa, ila mimi naye hatusemeshani tangu jana.

La kufanya leo ni moja: niende nikaazime mbwa.